Mkanda Mwekundu wa Diplome

Njoni mketi, enyi wakimbizi wa kambi ya Dzaleka, nanyi mliotawanyika hadi mitaa ya mjini ya Kauma na Area 25 mkitafuta riziki, wekeni chini majembe na makapu, mtege masikio: nawasimulia jinsi mbwa mmoja alivyosimama akaguswa asikimbie. Wako watakaosema hilo ni jambo dogo. Hao hawakuwapo.

Alikuwapo Mukakarangwa wa Rwanda, aliyeitwa Mama Akeza kwa heshima ya binti yake aliyekwisha kuolewa, mwanamke wa kauli fupi na mwendo mrefu. Alikuwapo pia jirani yake Wilondja, fundi cherehani kutoka Fizi, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata salamu aliitoa kama hotuba. Wawili hao walimiliki kundi moja la mbuzi, na kundi hilo lilikuwa na tabia moja: likipita karibu na mahindi, halikupita.

Mara ya mwisho mbuzi walipoingia shambani, mfumu, yaani mkuu wa kijiji jirani, alikuja mwenyewe kwa baiskeli. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi la Wilondja akatoa hukumu yake kwa Kichewa cha taratibu.

"Njia ya malishoni inapita shambani kwangu," alisema, "nami sikuifunga. Lakini kuanzia sasa mbuzi wenu watapita wakiongozwa na mbwa. Na mbwa huyo awe amechanjwa, awe na mkanda mwekundu wa madaktari wa mifugo shingoni, kwa maana mwaka jana mbwa mwenye kichaa aliwang'ata watu wangu. Mbuzi asiye na mbwa nitamkamata. Mbwa asiye na mkanda nitamuua. Zikomo, asanteni."

Akapanda baiskeli akaenda zake. Na malisho mengine hayakuwapo. Kukosa njia ile kulikuwa ni kuuza mbuzi wote, na mbuzi wale ndio waliomtibu Mama Akeza alipougua, ndio walioezeka nyumba ya Wilondja.

Hata ikatukia kwamba madaktari wa mifugo walikuwa wametangaza maonyesho ya mbwa wa kuchunga, Jumamosi, katika uwanja mmoja wa Area 25. Sheria yao ilikuwa nyepesi kuisema: mbwa aje safi, asimame, akaguliwe masikio, meno na mkia. Atakayekubali, atachanjwa na kuvishwa mkanda. Atakayekataa kuguswa, atarudi alikotoka.

Basi wakaondoka kwenda Mponela, kwa mkulima wa tumbaku aliyekuwa na mbwa wawili wa kutoa. Na Mama Akeza, kwa busara ambayo wakati ule iliitwa wazimu, alisafiri na beberu wake kiongozi: kwanza amepakatwa juu ya kabaza, yaani baiskeli ya abiria, ikiyumba na mwendeshaji akilalamika, kisha barabarani ndani ya pikapu ya mizigo, pembe zake zikitazama upepo kama mikuki ya amiri jeshi.

Mbwa wa kwanza alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye sauti ya radi. Wilondja alipomwona alivua kofia.

"Mama Akeza," alisema, "angalia hii kifua! Mi nimepima bantu maisha yangu yote, najua kifua ya mukubwa. Hii si mbwa, hii ni chef. Mbuzi itaona hii, itaomba ruksa hata ya kupumua. Njo hii tunachukua, tusipoteze wakati."

"Papa Wilondja," alijibu Mama Akeza, "hatutafuti chef. Tunatafuta mbwa yenye mbuzi itasikia. Fungulia beberu."

Beberu akafunguliwa. Yule mweusi akamrukia kwa ngurumo, beberu akainamisha pembe mara moja tu, na shujaa yule akaingia chini ya chanja la tumbaku, asionekane tena siku ile. Ndipo akaja wa pili, mwembamba, wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakubweka. Alisimama mbali, akashusha kichwa, akamtazama beberu. Beberu akamtazama. Majani ya tumbaku yakatulia. Kisha beberu, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kumtii kiumbe, akageuka taratibu akarudi njiani.

"Njo huyu," alisema Mama Akeza.

Wilondja akarudisha kofia kichwani, wakarudi Dzaleka. Mbwa akaitwa Diplome, kwa sababu, alisema Mama Akeza, nyumbani kwake diplome nyingine, yaani cheti cha masomo, haijawahi kuingia.

Sasa nipeni pumzi, kwa maana nafikia Vita vya Beseni. Siku ya Ijumaa Mama Akeza alikunja mikono ya blauzi, akaweka maji, akaweka sabuni ya mche, akamwita mbwa. Na hapo ikafunuliwa siri ya Diplome: aliyewatazama mbuzi bila kupepesa hakuweza kuvumilia mkono wa mwanadamu. Povu lilipomgusa aliruka, beseni likapinduka, naye akapenya vichochoroni akiwa mweupe kama bibi arusi, akapita katikati ya kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi, sauti ya tatu ikapotea kabisa, akaishia katika lundo la majivu la Esperance, mkaanga mandazi, akagaagaa humo kwa furaha.

"Mama Akeza!" aliita Esperance. "Ulinitumia mbwa ya rangi gani? Maana hii iko gris, kama majivu!"

Akarudishwa. Akaoshwa upya. Safari hii Mama Akeza aliketi chini mavumbini, akamsemesha kwa Kinyarwanda cha kubembelezea watoto, akamwaga maji kidogo kidogo kwa kikombe, akang'oa kupe mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeinama Wilondja alipotokea mlangoni ameshika brashi yake ya nguo, ambayo hakuwahi kumwazima mtu.

"Mi natoa brosse," alisema. "Maoni sitoi."

Diplome akabrashiwa hata akang'aa kama kiatu cha mchungaji. Lakini mkono wa mgeni hakuujua bado.

Kulipokucha Jumamosi wakapanda basi dogo. Wilondja alivaa suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe, suti ya kusomea somo kanisani, akatangaza mbele ya abiria wote: "Sitagusa mbwa. Mi nakuja kama témoin, shahidi tu."

Uwanja ulikuwa umechorwa mistari ya chokaa. Walikuwapo mbwa wa wenye ng'ombe na mbwa wa wenye kondoo, wameketi kwa nidhamu ya kuudhi. Mkaguzi alikuwa daktari mwanamke, mrefu, mwenye glavu na sauti ya upole. Alimfikia Diplome, akanyoosha mkono. Diplome akarudi nyuma akajificha ndani ya kitenge cha Mama Akeza.

"Tujaribu tena, mama," alisema daktari.

Wakajaribu tena. Diplome akalala chini, akatetemeka kuanzia sikio lililosimama hadi ncha ya mkia. Mama Akeza akaita jina lake, akabembeleza, akaomba, na mwisho akaanza kuikunja kamba ya mbwa, tayari kurudi nyumbani. Daktari akamwangalia kwa huruma, akaanza kugeukia mbwa anayefuata.

Na Wilondja aliona kamba ile ikikunjwa. Alikuwa amemjua mwanamke yule kwa miaka mingi, kwenye foleni za maji na kwenye misiba, na hakuwahi kumwona akikata tamaa.

Akavuka mstari wa chokaa.

"Bandugu," alisema, "bageni wote, na we Docteur. Mi ni muzee wa kanisa. Niko na batoto, niko na bajukuu, bananiheshimu. Kile mutaona sasa, naomba kisifike Dzaleka."

Akapiga magoti katika udongo mwekundu. Akaweka viganja chini. Akainua kidevu, na kwa sauti ile ile iliyozoea kusoma Zaburi, akalia kama mbuzi.

Diplome akainua kichwa. Wilondja akalia tena, akajisogeza upande kwa magoti, kama mbuzi aliyeona mahindi. Hapo mbwa akasimama, akashusha kichwa, akamkazia macho fundi wa Fizi, akawa mgumu kama nguzo. Daktari, mwenye akili, hakuipoteza nafasi. Alishika masikio: nguzo. Akafunua meno: nguzo. Akavuta mkia, akachoma sindano, na Diplome hakujua, kwa kuwa kulikuwa na mbuzi mmoja mwenye tai aliyetaka kutoroka, na mbuzi huyo hangepita.

Wilondja alilia mpaka mkanda mwekundu ulipofungwa. Hata baada ya hapo alilia mara moja zaidi, kwa usalama.

Mtu akapiga makofi, kisha wote. Mama Akeza akamshika mkono akamwinua.

"Papa Wilondja," alisema, "ulilia muzuri sana."

"Asante, Mama Akeza."

Ombi la Wilondja halikuheshimiwa. Simu zilitangulia, na walipofika Dzaleka kwaya ilikuwa barabarani. Jioni ile ile mbuzi walipelekwa njia ya shambani. Mfumu akainama, akaugusa mkanda, na Diplome, macho kwa mbuzi, asijue, akasogeza baiskeli yake pembeni, na kundi likapita kati ya safu mbili za mahindi yaliyokomaa bila kupoteza hata jani.

Mama Akeza alileta kitambaa chenye maji apanguse suti, maana magoti yalikuwa mekundu pyu. Wilondja akazuia mkono wake.

"Iache," alisema. "Iache vile iko."

Basi na ikumbukwe kizazi hata kizazi: Jumapili ile Wilondja alisoma somo mbele ya kanisa lote, suti ya kijivu, magoti mekundu, na waliokuwa viti vya nyuma walisimama ili wayaone.