Panya Ishirini wa Kundi Dhibiti

Jumatatu, 3 Machi
Leo ni leo! Daktari wa maabara yetu amenikabidhi panya ishirini wa chumba cha pili. Wale ishirini wa mwenzangu Bi Taratibu, chumba cha kwanza, wanachomwa homoni. Wangu wanachomwa maji ya chumvi tu. Baadaye maini yatapimwa, ijulikane homoni imeamsha kimeng'enya kiasi gani ndani ya seli. Mlangoni kwangu pamebandikwa KUNDI DHIBITI. Nimeelewa papo hapo: wakorofi nimepewa mimi, niwadhibiti. Na msimamizi wetu anastaafu mwezi huu. Nafasi ile naitaka kwa udi na uvumba.

Jumatano, 5 Machi
Nidhamu imeanza. Asubuhi, mchana na jioni nawakaba shingo mmoja mmoja mpaka watulie. Anayehangaika namrudia. Bi Taratibu anachoma sindano, anatia chakula, anafunga mlango. Mvivu! Ameniambia, kaka, waache wapumue. Wivu tu.

Jumatatu, 10 Machi
Ufunguo ukilia tu, wote ishirini wanajibana kwenye kona, kimya. Mafanikio! Mke wangu ameuliza mbona vidole vyote vina plasta. Nimemwambia uongozi una gharama zake.

Ijumaa, 14 Machi
Wameuawa leo, vyumba vyote viwili, kwa dawa ya usingizi. Nilijua siku hii ipo. Nimelia hata hivyo. Mmoja alikuwa na sikio lililokunjika. Nilimpenda yule.

Jumanne, 18 Machi
Majibu. Kimeng'enya cha panya wangu kimepanda sawasawa na cha wale wa homoni. Nikapiga makofi: sare! Daktari akakaa chini. Akaeleza polepole kwamba kundi dhibiti huachwa lilivyo, ili lile lingine lilinganishwe nalo. Panya akiogopa, mwili wake wenyewe humwaga homoni ya aina ileile. Kwa hiyo wote arobaini wamekufa bure. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nimeona aibu kweli, nikamkumbuka yule wa sikio. Usimamizi kapewa Bi Taratibu, na ndiye aliyeniombea nibaki.

Alhamisi, 20 Machi
Panya wapya wamefika. Nimeapa mbele ya Daktari: sitamgusa hata mmoja, ila kwa sindano tu. Naye amebadilisha kibandiko ili nisikosee tena. KUNDI LINGANISHI. Sasa hapo tumeelewana! Nimewatazama vizuri. Kumi na wawili wanene, wanane wembamba. Kuanzia kesho wanene nawapunguzia chakula, mpaka walingane.