Chandarua cha Wageni

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Papa Gédéon, mkuu wa kituo chetu cha afya, ametukusanya wauguzi wote kabla ya wagonjwa kuingia. Wakubwa wa afya wanatafuta Mama wa Chandarua. Mama mmoja tu kwa mtaa mzima wa Mangobo! Picha yake itabandikwa kila kona, na atasema redioni pamoja na watoto wake. Masharti mawili: kamati ikute chandarua juu ya kitanda cha watoto, na mtoto wa nyumba hiyo asiwe ameandikwa malaria katika rejista yetu tangu Septemba.

Mimi nina wavulana wawili, Ismaël wa miaka minane na Sefu wa miaka mitano. Miaka kumi na mmoja nachoma sindano watoto wa watu. Nani mwingine kama si mimi? Lakini Françoise wa chumba cha chanjo, mama ya Alexis, alinyoosha mkono kabla Papa Gédéon hajamaliza kusema. Kiherehere!

Bon. Chandarua chake anakitumia kila usiku, kimegeuka rangi ya moshi. Changu bado kiko ndani ya mfuko wake juu ya kabati, tangu siku tulipogawiwa. Cheupe pe! Kamati inakuja Jumamosi. Ushindi ni wangu.

Jumanne, tarehe 5 Novemba

Nimepigilia misumari minne juu ya kitanda cha watoto. Nimejigonga kidole gumba. Ismaël akauliza kama leo watalala ndani ya chandarua. Nikamwambia hapana, ni cha wageni. Akasema wageni hawalali hapa. Mtoto huyu ana mdomo kama wa shangazi yake. Nikamweleza kwamba kitu kizuri hakichafuliwi kabla ya siku yake, na je, amewahi kuona nikipakua lituma, ndizi za kuponda za kila siku, kwenye sahani zenye maua? Sefu alikuwa anajikuna miguu.

Jumatano, tarehe 6 Novemba

Balaa. Shule imemrudisha Sefu saa nne, anachemka. Mwalimu wake amemleta mwenyewe mpaka mlangoni mwa kituo. Bahati nzuri, Françoise alikuwa ndani na watoto wa chanjo. Nikamfungia Sefu katika stoo ya sabuni, nikamtoboa kidole, nikasubiri. Mistari miwili. Malaria.

Angekuwa mtoto wa jirani, angekuwa ameshameza dawa. Asubuhi hii hii niliwaambia akina mama kwenye mabenchi kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Walipiga makofi. Lakini dawa haitoki famasi bila jina kuingia katika rejista, na jina la Sefu likiingia, kwaheri mabango, kwaheri redio.

Nikafikiri kidogo tu. Halafu nikaandika: Alexis, miaka mitano, mtoto wa Françoise. Jiwe moja, ndege wawili! Sefu atapata dawa, na Françoise atakuwa na malaria nyumbani mwake kwa karatasi. Nilitaka kucheka peke yangu. Nikampa Sefu parasetamoli, nikamrudisha nyumbani kwa toleka, nyuma ya baiskeli, kichwa kikiegemea mgongo wa dereva. Dawa nitachukua kesho asubuhi, kabla Françoise hajafika.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Karima wa famasi amempa Françoise dawa! Nimefika, nikasema nimetumwa kuchukua dawa ya Alexis. Karima akanijibu kwamba mama yake amekwisha kuipokea, tena kwa mshangao mkubwa. Sikufikiria hilo. Nani angefikiria hilo?

Françoise akamleta Alexis kituoni, akampima. Hana kitu. Akafungua rejista, akaiangalia kwa muda mrefu. Mwandiko wangu unajulikana, hata Papa Gédéon huusifu. Françoise aliniangalia kama mtu anayesubiri kusalimiwa. Mimi nikaanza kukunja pamba.

Nyumbani nimekuta vidonge viwili katika droo, vilivyobaki Ismaël alipougua mwaka jana. Nimempa Sefu. Ametapika vyote juu ya sare ya shule.

Baba yao, Aboubakar, amepiga simu kutoka Ubundu. Alikwenda kuuza sare alizoshona, sasa treni haitembei na hajui lini itaondoka. Akauliza hali ya watoto. Nikasema wanakula vizuri. Ismaël kweli anakula. Anakula na fungu la Sefu.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Sefu hataki kusimama. Mkojo wake ni rangi ya Coca. Nimemvuta kope la chini kama ninavyofanya kwa watoto wote. Ndani kweupe, hakuna damu. Nikaachilia kope haraka.

Mimi si mjinga, najua maana yake. Nimepanga vizuri: kamati inakuja kesho saa nne, saa tano itakuwa imeondoka, saa tano na nusu niko naye hospitali kuu. Huko ni rejista nyingine, hainihusu. Saa chache tu. Nimeona watoto waliokaa siku tano katika hali hiyo. Wawili au watatu walipona.

Jioni Françoise alikuja. Alisimama mlangoni na pakiti ya dawa mkononi, akasema kwa sauti ndogo: "Mama Ismaël, iyi dawa iko ya mutoto wako." Ningeipokea, ningekuwa nimekiri kwamba nilimwandika Alexis. Nikamwambia Sefu amekwenda kwa bibi yake. Ndipo Sefu akaniita kutoka ndani. Mama, mama, mara mbili. Nikasema ni redio.

Françoise akasema redio yangu iko na homa. Akataka kuingia. Nikaweka mguu mlangoni. Akaniambia nimwache amwone tu, hatasema kwa mtu yeyote, hata kamati yenyewe yeye anaiacha. Uongo huo! Mtu gani anaacha redio? Nikafunga mlango. Akaiweka pakiti dirishani. Nikaisukuma ikaanguka nje.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Naandika jioni, nimekaa sakafuni kwenye korido ya hospitali kuu.

Walifika saa nne na nusu, watu watatu na kamera. Chandarua kilikuwa kinang'aa. Sefu alikuwa amelala ndani. Nilimpaka mafuta usoni asionekane mkavu. Mkubwa wa kamati akashangaa kwamba mtoto analala fofofo saa hizo. Nikajibu kwamba mtoto asiyesumbuliwa na mbu hulala hivyo. Waliandika maneno yangu! Wakapiga picha nne. Mmoja akasema mtoto ametulia sana, kama sanamu. Ismaël akafungua mdomo. Nikampa soda.

Waliomba soda ya pili. Sikuweza kuwafukuza.

Walipotoka nilikwenda kuteremsha chandarua kwanza, nisije nikakichafua nikimbeba mtoto. Nilikuwa kwenye msumari wa tatu nilipoona kitanda kinatikisika. Macho ya Sefu yalikuwa meupe. Meno yamefungana. Nimeona jambo hilo mara mia kwa watoto wa watu. Leo nilipiga kelele kama mwanamke wa sokoni. Sikujua hata nimlaze upande gani. Ismaël ndiye aliyemgeuza ubavu, kisha akakimbia kumwita Françoise. Mimi sikumtuma.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Daktari aliuliza tangu lini. Nikasema tangu jana. Françoise, nyuma yangu, akasema tangu Jumatano. Daktari aliandika Jumatano.

Damu ya Sefu imekwisha, imebaki kama maji ya kuoshea nyama. Damu yangu haikulingana na yake. Baba yake yuko Ubundu. Ismaël alinyoosha mkono wake, wakamwambia bado ni mdogo. Wakampima Françoise. Inalingana. Akalala kwenye kitanda, akaangalia dari, hakuniambia lolote. Hilo ndilo linaloniumiza. Angenitukana ningejua la kujibu.

Sefu haamki. Nimeshika mguu wake tangu alfajiri, ni wa baridi. Ee Mungu, huyu ni mtoto wangu. Huyu ndiye anayelala na kidole chake ndani ya sikio langu. Chukua redio, chukua mabango, mpe Françoise yote. Nimeapa. Sitasema uongo tena maisha yangu yote.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba

Amefungua macho! Amekunywa uji vijiko vitatu! Nimelia mpaka wauguzi wa wodi wakanitoa nje.

Aboubakar amefika, pikipiki siku mbili katika matope. Akamwangalia Sefu, akaniangalia mimi, akauliza kilitokea nini. Nikasema malaria ya ghafla. Ismaël akatoka nje.

Jumatatu, tarehe 18 Novemba

Tuko nyumbani. Aboubakar ametundika chandarua mwenyewe, na analala chini karibu na kitanda cha watoto. Hasemi na mimi tangu alipokutana na Françoise sokoni. Itapita.

Habari kubwa: nimeshinda! Ripoti ya kamati ilikwenda Jumamosi ileile, na picha zimependeza. Papa Gédéon anajua Sefu alikuwa hospitali. Amesema nijiondoe mwenyewe. Nikamwuliza ni nani aliyepitisha rejista mbele ya kamati bila kuisoma. Alikohoa, akasema basi, ripoti haiwezi kurudishwa. Redio ni Jumatano saa tatu, mimi na watoto wangu wawili. Ismaël amekataa. Nitasema ana mtihani.

Tatizo dogo ni Sefu. Ukimwita hageuki. Jana nilipiga sufuria nyuma yake, akaendelea kuchezea vifuniko vya chupa. Françoise amesema masikio yameumia kwa malaria ile, nimpeleke kwa daktari upesi, kila siku ina maana. Nitampeleka Alhamisi. Nikimpeleka leo watamlaza tena, na redioni atasema nani?

Halafu ni mtoto mwerevu, maneno yote anayo bado. Tumefanya mazoezi mchana kutwa. Nimemketisha mbele yangu mahali anapoweza kuona mdomo na mkono wangu. Nikiinua kidole kimoja anasema: "Ndiyo, mama, tunalala ndani yake kila siku." Nikiinua viwili anacheka. Mara ya sita hakukosea hata kidogo, ila anasema kwa sauti kubwa mno. Nimemwambia apunguze, nikamwambia tena, na tena. Anaangalia vidole vyangu tu.