Unywele wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ametoa hukumu wakati wa chai. Samaki mmoja aina ya kapi mezani kabla ya Jumapili jioni, niliyemvua mimi kwa mkono wangu mwenyewe, la sivyo fimbo zangu zote tatu za kuvulia zinatoka katika nyumba hii. Nikauliza zitakwenda wapi. Akasema popote, mradi zisikae tena nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Hoja anayo. Miaka mitano nakwenda bwawani kila Jumamosi na sijaleta kapi hata mmoja. Lakini kapi si samaki wa mchezo. Mnene, magamba mapana, vijisharubu pembeni mwa mdomo, na akili kumshinda bosi wangu. Haumi chambo. Anakifyonza, anakionja, anakitema. Mshipi unacheza mara tatu mkononi, kisha kimya. Kila wiki hivyo hivyo.

Safari hii nina mpango!

Jumanne, 5 Machi

Chambo Namba Kumi na Nne. Unga wa mahindi, unga wa ngano, mayai mawili, vanila, iliki, asali, dagaa wa kusaga. Nimeviringisha vidonge thelathini na sita nikavichemsha kwenye sufuria ya maziwa. Mke wangu asijue. Nimevianika dirishani ofisini, juu ya mafaili ya viwanja. Bosi akauliza kimekufa nini. Tarishi amekula viwili, akasema vimepungukiwa chumvi. Nimeandika maoni yake.

Jioni mama mkwe amefika. Jino linamsumbua, atakaa nasi hadi Jumapili. Alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, na bado anamtazama mtu kama anayetafuta palipoachia uzi. Namheshimu sana, yaani namwogopa. Namwamkia, kisha natafuta pa kupitia.

Jumatano, 6 Machi

Nimempeleka Mama kwa daktari wa meno. Nimejitolea mwenyewe. Mke wangu akanitazama kwa mashaka, na alikuwa sahihi.

Daktari huyu ndiye adui yangu. Huketi ng'ambo ya bwawa na kofia yake nyeupe, na kila Jumamosi anaondoka na kapi. Mwezi uliopita alitoa wa kilo tisa! Picha yao wawili iko ukutani kliniki, mahali ambapo kliniki nyingine huweka picha ya jino.

Nilimvizia akiwa na mikono yote miwili kinywani mwa Mama. Nikamuuliza anatumia chambo gani. Akajibu bila kugeuka: mahindi ya kuchemsha, punje mbili, na ndoano anayoinoa kila asubuhi. Basi. Mahindi ya kuchemsha! Ananiona mtoto. Mwenye siri ya kweli hasemi upesi namna hiyo. Mama alitaka kutia neno lakini mdomo ulikuwa kazini.

Siri nimeipata mwenyewe, kwenye rundo la magazeti makuukuu pale wanaposubiri wagonjwa. Jarida la uvuvi, ukurasa wenye doa la chai. Chambo hakichomekwi kwenye ndoano kabisa! Kinaning'inizwa pembeni yake kwa unywele mmoja wa binadamu, na ndoano inabaki tupu. Kapi akifyonza chambo, ndoano inakifuata ndani bila hodi. Akitema, inamnasa mdomo. Nimeuchana ukurasa huku nikikohoa.

Alhamisi, 7 Machi

Tatizo ni unywele. Mimi nina upara. Mke wangu amesuka, na nusu ya nywele zile ni za dukani. Nimejaribu mmoja uliodondoka. Fundo linateleza.

Ila mama mkwe! Nywele nyeupe, ndefu hadi mabegani, ngumu kama uzi wa kushonea viatu. Akimaliza kuchana asubuhi, chanuo linabaki dirishani bafuni. Nimechukua mmoja. Fundo limeshika. Ofisini nimeuning'inizia muhuri wa idara, ule mzito. Haukukatika! Nimefurahi hadi nikafunga dawati dakika kumi kabla ya wakati.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa.

Mama amenikuta bafuni. Chanuo mkono wa kushoto, unywele wake wa tano mkono wa kulia, bahasha nimeibana kwa meno. Kwa ajili ya kumbukumbu nzuri nilikuwa nimeiandika juu: MAMA. Hakupiga kelele. Angepiga, ningejua la kufanya. Alilitazama chanuo, akaisoma bahasha, akaenda kufunga mizigo.

Mke wangu akaniuliza nampelekea nani nywele za mama yake. Nikasema samaki. Nakiri halikuwa jibu zuri. Akasema mwanamume anayekusanya nywele za mkwewe na kuziandika jina ana mganga wake mahali, na kwamba Mama akitoka mlango ule, naye anatoka nyuma yake. Kisha akalia. Miaka kumi na moja ya ndoa, nimemwona akilia mara mbili tu. Iliniuma sana.

Nikamwaga kila kitu mezani: ndoano, vidonge, ukurasa wa jarida. Nikaonyesha kufyonza na kutema kwa mdomo wangu mwenyewe, mara kadhaa. Mama, shavu limevimba, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema haamini hata neno moja, ila kama ni uongo, basi ni uongo uliofanyiwa kazi kubwa. Kesho atakwenda nami bwawani. Akiona samaki ametoka kwa unywele, mimi ni mkwe wake. Asipoona, anaondoka na binti yake.

Mke wangu amelala na mama yake.

Jumamosi, 9 Machi

Bwawani tangu saa moja asubuhi. Mama kwenye kiti changu cha kukunja, mimi juu ya ndoo. Daktari kutoka ng'ambo akapaza sauti kuuliza jino linaendeleaje. Mama akamjibu vizuri mno.

Nikatupa. Mshipi ukacheza mara tatu. Kimya. Nikatupa tena. Mara tatu, kimya. Tayari nilikuwa naiona nyumba yangu ikiwa tupu.

Baada ya mara ya nne Mama akaomba aione ndoano. Nikampa kwa fahari. Ni ile ile ya siku ya kwanza, sijaibadilisha miaka mitano, ina bahati. Akaiburuza juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikateleza. Akairudia. Ikateleza. Akaniuliza taratibu kama hii ndiyo ninayotarajia imchome mtu. Akasema kwa sindano butu hivi asingeweza kushona hata leso.

Akatoa kinoo kidogo mkobani. Akanoa, akapima ukuchani, ncha ikakwama papo hapo. Akakinusa Chambo Namba Kumi na Nne, akakirusha kichakani. Badala yake akafunga kwenye unywele ule ule punje mbili za mahindi ya kuchemsha, aliyofungiwa kwa chakula cha mchana na ambayo jino lilikuwa limeyakataa.

Mshipi haukucheza. Uliondoka! Nikanyoosha mkono kuidaka fimbo, Mama akanichapa kiganja. Dakika ishirini alisimama na viatu vyake ndani ya maji, akiniamuru wavu huku, wavu kule, mjinga wewe, huku. Kilo kumi na moja! Daktari alivua kofia.

Mama akanitazama, akacheka mpaka akalishika shavu. "Mwanangu, mimi nilikudhania mchawi. Kumbe hujui kunoa tu."

Nilifarijika kiasi kwamba nilisahau kukasirika.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amenisamehe. Amenishika mkono mezani mbele ya mama yake. Nikaona haya, lakini sikuutoa.

Kwa sauti ya chini nikagusia habari ya fimbo. Akanikumbusha sharti: kapi niliyemvua mimi. Huyu kavuliwa na Mama. Nikakata rufaa kwa Mama. Mama akaunga mkono hukumu.

Fimbo zimeondoka na basi la saa tisa, zote tatu, pamoja na kiti cha kukunja na Mama mwenyewe. Kumbe kwao nako kuna bwawa. Daktari ameomba picha ya Mama na kapi wake ya kuweka ukutani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kunoa, mahindi, hayo ni madoido. Mtu yeyote mwenye akili anaona kilichofanya kazi: unywele. Ule weupe, ule ugumu! Fimbo sina, lakini hilo ni dogo, nitachonga mwanzi.

Ninachohitaji ni nywele zisizo na ukoo nami. Nyuma ya ofisi hufungwa punda wa muuza maji, mweupe, mkia unakaribia kufagia chini. Nimeazima mkasi wa tarishi. Tarishi anasema yule punda ana mateke. Nimemchunguza dirishani robo saa nzima. Ametulia kabisa. Hata hivyo, kwa tahadhari, nitamwendea kwa nyuma, asikoweza kuniona.