Mitamba Vibogoyo

Wenceslao Brítez alimsikia meya akimuuliza mlinzi wa zizi kama ng'ombe jike naye huota pembe, akajua riziki yake ya mwezi imefika.

Meya wetu, don Anastasio Recalde, alikuwa muuza viatu. Ng'ombe alimjua kwa upande wa ngozi. Wakubwa wa Asunción, mji mkuu, walikuwa wamemletea mitamba sita awagawie wajane sita Jumapili. Wajane walikuwa wamesubiri miaka miwili, maana serikali haina haraka na mtu asiye na shamba kubwa.

"Don Anastasio," Wenceslao akanong'ona, "umewatazama kinywani?"

"Nitazame nini?"

Akampanua mtamba mmoja mdomo. "Tia kidole hapo juu, mbele. Kuna jino?"

Meya akapapasa ufizi. "Hamna kitu."

"Umepewa vikongwe. Na Jumapili waandishi wa habari watakuwepo, sivyo?"

Meya akaacha tereré yake, chai ya baridi, ipate joto mkononi.

Ng'ombe yeyote, tangu azaliwe, hana meno ya mbele ya juu. Mtoto yeyote wa huku anajua. Lakini hatuchagui watoto kuwa meya.

"Niwaondoe kimyakimya," Wenceslao akasema, "nikuletee sita wenye meno. Milioni kumi za guaraní, tena ulipe ukishawaona."

Mitamba akawaficha nyuma ya tanuri la matofali. Kisha akanunua ng'ombe sita wazee waliokuwa njiani kwenda kwa mchinjaji, akawaogesha kwa sabuni, na Jumapili akawaingiza uwanjani kichwa juu.

Ila meya sasa alikuwa mtaalamu. Mbele ya mji mzima akakunja mkono wa shati, akampanua wa kwanza mdomo. Akaenda kwa wa pili. Alipofika wa sita, mate yalikuwa yamempanda hadi kiwikoni.

"Vibogoyo," akasema taratibu. "Wote. Wenceslao, umenitapeli."

Polisi wawili wakasogea. Wenceslao akafungua mdomo aseme kwamba meno hayo hayapo duniani, akaufunga. Angejitia ndani mwenyewe.

Ndipo ña Deidamia, mjane wa kwanza kwenye orodha, akainuka. "Don Anastasio, baba, usiharibu sikukuu. Sisi wenyewe meno hatuna. Tupe tu hao vibogoyo."

"Hawa?"

"Hawa na wale wa mwanzo tuliowaona zizini. Huyu bwana anajua walipo. Tuandikie na karatasi, wasije wakakurudia."

Meya akasaini mbio kama mtu anayetupa takataka kwa jirani, kisha akahutubia saa nzima juu ya huruma yake. Bendi ikapiga, mitamba wakaletwa kutoka nyuma ya tanuri. Kila mjane akaondoka na ng'ombe wawili.

Wenceslao akamfuata ña Deidamia hadi getini. "Mama, kumbe ulijua?"

"Nimekamua miaka arobaini, mwanangu. Shika kamba ya huyo mzee, anachechemea. Nyumbani kwangu ni mbali."

Akashika.