Kalamu ya Namba Nane

Jumatatu, 4 Agosti

Tangazo limebandikwa! Nafasi moja ya ukapteni. Moja tu. Liko kwenye ubao wa chumba cha marubani, juu ya tangazo la mtu aliyepoteza mwavuli. Nimelisoma mara nne. Kila niliposikia viatu nikajifanya naguswa sana na habari za mwavuli.

Niandike hapa jinsi kampuni yetu inavyopandisha watu vyeo, ili wajukuu zangu wajue babu yao alidhulumiwa. Kuna orodha ya ukongwe. Kila rubani ana namba. Aliyekutangulia kuajiriwa amekutangulia kwa kila kitu: cheo, mshahara, likizo, hata kivuli cha kuegeshea gari. Sita wa juu wote ni makapteni. Kuanzia wa saba kwenda chini ni sisi marubani wasaidizi. Uhodari hauna safu kwenye orodha hiyo. Ungekuwa nayo, nisingekuwa namba nane.

Namba saba ni dada mmoja niliyeajiriwa naye siku moja, saa moja, chumba kimoja. Mimi namwita Saba. Mkiajiriwa siku moja, kampuni inawapanga kwa aliyetangulia kusaini mkataba. Mimi ndiye niliyefika mezani kwanza. Kalamu mkononi! Akaniomba kwa upole, kaka, niazime hiyo kalamu. Nikampa. Nikamwambia atangulie. Miaka tisa sasa naulipia ule ustaarabu. Kalamu yenyewe hakuirudisha, nikasaini kwa ya karani.

Wote wawili tulishamaliza mafunzo ya ukapteni mwaka juzi. Kinachosubiriwa ni nafasi. Tangazo kama hili limewahi kubandikwa mara mbili, na mara mbili likabanduliwa, eti bajeti. Safari hii lina muhuri.

Na kama hilo halitoshi, baba mkwe yupo hapa kwetu. Amekuja kutibiwa macho, na Jumapili ya tarehe kumi na saba atarudi kwake kwa ndege yetu, kwenye safari yangu. Hajapanda ndege maishani. Ameendesha lori miaka thelathini. Siku nilipopeleka posa aliniuliza nafanya kazi gani, nikasema rubani msaidizi. Akauliza dereva ni nani. Nikasema ni kapteni. Akauliza sasa wewe unafanya nini. Nikasema namsaidia. Akamgeukia mama mkwe akasema binti yetu anaolewa na utingo.

Mpaka leo ananiita hivyo. Macho yanatibiwa, na daktari anasema Jumapili hiyo atakuwa anaona vizuri. Lazima anione nina mistari minne ya ukapteni begani. Lazima!


Jumanne, 5 Agosti

Mbinu imepatikana. Saba akiondoka, mimi nakuwa saba. Hesabu ya chekechea.

Shirika kubwa la nje linatafuta marubani. Ndege kubwa, mshahara mara tatu, nyumba bure, ada za shule bure. Nimekata tangazo lao gazetini nikalisahau, kwa bahati mbaya, juu ya kabati la Saba. Nikalisahau tena ndani ya kofia yake. Baadaye nikamwambia, katika mazungumzo ya kawaida tu, kwamba mtu mwenye kipaji kama chake anaozea hapa kwenye ndege za mapangaboi. Akasema asante. Akauliza mbona mimi siendi.

Nikapaliwa na chai. Ukweli ni kwamba niliomba, mara mbili. Walinijibu kwa barua nzuri sana, karatasi nzito.


Jumatano, 6 Agosti

Tangazo la shirika kubwa lina mstari wa chini kabisa: mtu yeyote aliye kazini anaweza kumpendekeza rubani anayemfahamu. Mtu yeyote! Mwisho Ijumaa. Nimekaa mezani tangu asubuhi.

Kumsifu anayekuzibia njia ni kazi ngumu. Nilidhani nitatunga. Kumbe hapakuwa na cha kutunga. Nikakumbuka siku ya upepo, ndege mbili ziligeuza, yeye akatua hata abiria mmoja hakushtuka. Nikakumbuka anavyomsubiri abiria wa kiti cha magurudumu mpaka ndugu zake wafike. Anawajua wafagiaji wote kwa majina na watoto wao wanasoma wapi. Nikaandika kwamba anaitua ndege kama mtu anayemlaza mtoto. Kurasa mbili zikajaa bila uongo hata mmoja. Iliniudhi sana.

Uongo niliuweka mwisho tu, kwenye saini. Niliandika Kapteni. Nani atasikiliza maneno ya msaidizi?

Mke wangu ameikuta barua kwenye meza ya chakula. Akauliza huyu mwanamke anayelaza watoto ni nani. Nikamweleza mbinu yote. Akasema tumeoana miaka saba na hajawahi kuandikiwa hata nusu ukurasa. Kisha akanikumbusha kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia mimi sichimbi mtu, nampandisha. Baba mkwe, aliyelala kwenye kochi na bandeji machoni, akasema utingo akianza kuandika barua, tairi zikaguliwe.


Ijumaa, 8 Agosti

Barua imekwenda! Nimejipongeza kwa vipande vya begani. Mistari minne ya dhahabu, jozi moja. Nimevijaribu kwenye kioo cha choo cha kazini. Vinanikaa utadhani nilizaliwa navyo. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikawatangazia abiria hali ya hewa.

Tisa akaingia. Huyu ni namba tisa, anayenifuata kwenye orodha. Mtu wa makamo, zamani alikuwa akirusha vindege vya kunyunyizia dawa mashambani. Hasemi kitu. Ana kijiti cha meno mdomoni saa zote. Akatazama mabega yangu, akanawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja. Akasema hongera. Akatoka. Watu wengine hawana habari na maisha, ndiyo maana hawaendelei.


Jumatatu, 11 Agosti

Saba hakuja kazini. Amechukua ruhusa. Karani anasema alionekana ameshika bahasha ndefu. Bahasha ndefu! Mimi nimekuwa mchangamfu mpaka wahudumu wameniuliza kama naumwa.


Jumanne, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Saa nne Mkuu wa Marubani kaniita ofisini. Saba yupo, amekaa, bahasha ndefu mapajani. Mezani iko barua yangu. Shirika kubwa limemwandikia Mkuu kuuliza kama huyu Kapteni aliyesaini ni wa kwake. Mkuu akaniuliza na yeye pia, huyu kapteni ni nani. Nikasema kidole kiliteleza. Akahesabu herufi kwa kalamu. Akauliza kama kiliteleza mara saba mfululizo.

Nikangoja kufukuzwa. Badala yake Mkuu akavaa miwani akaisoma barua kwa sauti, yote, na pale pa kumlaza mtoto akasoma mara mbili. Saba akaanza kulia. Kisha akaeleza. Naandika hapa alivyosema. Shirika kubwa walishamwajiri! Aliomba mwenyewe, miezi mitatu iliyopita. Bahasha ndefu ni barua yake ya kuacha kazi. Alikuwa aikabidhi leo, leo hii, saa tano. Hakutaka kabisa kumwacha mama yake peke yake, ila alichoka kubandikiwa na kubanduliwa matangazo, akaona miaka tisa hakuna aliyewahi kumwona. Kumbe, akasema, nina ndugu hapa hapa kazini.

Akaichana bahasha mbele yangu. Vipande vinne. Nilivihesabu.

Mkuu akasema kampuni haiwezi kumpoteza mtu wa aina hii, na ukapteni wake unaanza mara moja. Tena atakuwa na kazi ya kuwasimamia marubani wasaidizi, pamoja na posho yake. Mimi nikapewa karipio la mdomo kwa ajili ya kidole, na shukrani za mdomo kwa ajili ya moyo.

Yaani ningelala. Ningekaa kitako siku sita, nikala, nikalala, leo saa tano na dakika moja ningekuwa kapteni. Sijawahi kujisikia mjinga kiasi hiki, na nimewahi kuazima mtu kalamu.


Alhamisi, 14 Agosti

Saba kanikumbatia mbele ya watu wote. Kisha akafungua mkoba akanitolea kalamu. Ile ile! Buluu, kifuniko kimetafunwa na meno yangu ya miaka tisa iliyopita. Akasema aliitunza kwa sababu ndiyo iliyomfungulia mlango, sasa anairudisha kwa mwenye bahati.

Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Vipande vyangu vya begani nimeviuza kwake. Alikuwa hana, na vinanunuliwa mbali. Amenilipa zaidi ya nilivyonunulia, kwa hiyo siwezi hata kulalamika.


Jumapili, 17 Agosti

Safari ya baba mkwe. Saba alipanga zamu mwenyewe: kapteni yeye, msaidizi mimi. Alidhani ananifurahisha.

Mzee alipanda ngazi akiwa na miwani mipya, suti ya kahawia na begi alilokataa kulitoa mkononi. Alimuuliza mhudumu kama matairi yamepigwa nyundo kusikilizwa. Kisha akachungulia mlangoni kwetu. Akaniona. Akaiona mistari yangu mitatu, akaihesabu kwa kidole. Akaiona minne ya Saba. Akamwamkia Saba, dereva, habari za safari. Mimi akanitikisia kichwa tu. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu shuleni. Miaka saba namngoja mtu huyu aniite jina jingine.

Tulipotua, kwa ulaini ule wa Saba unaoudhi, mzee aliningoja chini ya bawa. Akasema dereva wenu ni fundi. Akasema na mimi naijua kazi, maana ameona ninavyokagua kila kitu kabla hatujaondoka, na utingo asiyekagua huua watu. Halafu akaniambia jambo ambalo hata mke wangu hakuwahi kulisikia: yeye mwenyewe alikuwa utingo miaka kumi na moja. Akasema hakuwahi kumwombea dereva wake ashuke. Alikagua matairi, akanyamaza, na siku ilipofika yule dereva ndiye aliyemkabidhi funguo. Akasema hamwiti mtu utingo kwa kumdharau. Anamwita hivyo mtu anayemtarajia.

Nilimshika mkono, nikamsindikiza mpaka getini. Nimelifikiria neno lake njia nzima ya kurudi, na nimeliona kosa lake. Enzi zao hakukuwa na orodha.


Jumatatu, 18 Agosti

Mungu si Athumani! Kampuni inaleta ndege mpya, kubwa zaidi. Marubani wasaidizi wanaotaka kuhamia huko watapangwa kwenye orodha mpya kabisa. Mkuu anasema orodha ya zamani imezaa manung'uniko mengi, kwa hiyo hii itapangwa kwa haki: anayetangulia kusaini ndiye namba moja, na namba moja ndiye atakayepewa nafasi ya kwanza ya ukapteni. Fomu inasainiwa Jumatano saa mbili asubuhi, mezani kwa karani.

Safari hii sitegemei bahati. Mezani kwa karani kuna kalamu moja, imefungwa kamba ili isiibwe. Nimepita mchana karani akiwa msalani. Mkasi ulikuwa pale pale. Sasa Jumatano kalamu itakuwepo moja tu chumbani, yangu, ile ya buluu yenye bahati, na siazimi mtu hata akipiga magoti.


Jumatano, 20 Agosti

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Wa kwanza! Tisa akafika saa moja, akasimama nyuma yangu na kijiti chake. Saa mbili kamili karani akafungua, akatandaza fomu, akapapasa meza, akaanza kuwalaani wezi wa siku hizi ambao hata kamba hawaiogopi. Nikasema ni kweli, dunia imeharibika. Nikachomoa ile ya buluu.

Haikuandika. Miaka tisa mkobani! Nikaikwaruza kwenye kiganja, nikaipulizia, nikaitikisa, nikaisugua suruali. Nikachora J ya jina langu bila wino mpaka karatasi ikatoboka. Karani akasema nisiharibu fomu ya watu. Na mfukoni mwangu, kwenye paja la kulia, iko kalamu nzima yenye wino tele, na kamba ya karani shubiri mbili. Ningeichomoaje?

Nikageuka. Nikamwomba Tisa kwa upole, kaka, niazime kalamu. Tisa akakitoa kijiti mdomoni. Akachomoa kalamu mfuko wa shati. Akaniambia atanipa, ngoja asaini kwanza. Ni maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu aajiriwe.

Yeye ni namba moja. Mimi ni namba mbili. Kalamu aliniazima vizuri tu, na akaningoja nimalize ili airudishe mfukoni mwake.

Mke wangu amesikia yote akacheka mpaka akakaa chini. Ameuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba buluu hukauka, ninunue nyeusi. Hii ninayoandikia sasa ni nyeusi. Kamba yake inanitekenya kiganja, lakini wino unateleza wenyewe, haukwaruzi hata kidogo. Nimeitumia tayari kuanza kazi ya maana, kwa sababu shirika kubwa limeongeza muda wa kupokea mapendekezo hadi Ijumaa hii: Ni heshima kubwa kwangu kumpendekeza kwenu rubani mmoja mtulivu, msikivu, mwenye tajiriba ya kunyunyizia dawa. Aya mbili zimekamilika. Safari hii nitasaini Kapteni Mwandamizi.