Kadi za Vondrak, Mdakaji Asiyetakwa na Mtu

Jumamosi, 4 Juni 1994
Soko la vitu kuukuu, Mansfield, asubuhi. Watu wanagombania kadi zenye picha za nyota wa besiboli. Wajinga! Mimi nakusanya za Lester Vondrak tu, mdakaji aliyecheza msimu mmoja, 1957, akasahaulika. Nikizimaliza zote, bei napanga mimi. Nafika mezani kwa Delbert Krouse, muuza kadi na hasimu wangu: Vondrak keshanunuliwa! Eti kuna mzee wa kofia ya majani, hazimpiti. Mpinzani! Basi mali inapanda.

Jumapili, 5 Juni
Mke wangu Darlene anakitaka chumba chake cha kushonea, kilichojaa masanduku yangu. Nimemwomba avute subira, utajiri uko mlangoni. Kasema hata wale sungura niliofuga ili nitajirike walikuwa mlangoni, wakatoka.

Jumatano, 8 Juni
Akili ni nywele! Nimempigia Delbert simu, nikamnong'oneza kwamba Vondrak amefariki. Kadi za marehemu hupanda bei.

Jumamosi, 11 Juni
Zimepanda kweli. Delbert kabandika bango, "Marehemu Vondrak", bei maradufu. Na mnunuzi ni mimi! Nimelipa huku nameza mate machungu. Mara mzee wa kofia huyo. Akalisoma bango polepole, akauliza, "Kwani nimekufa lini?"

Ndiye Vondrak! Nilitamani kuingia chini ya meza. Delbert kaninyooshea kidole bila haya. Mzee hakukasirika. Kanieleza kwamba sura ya kwenye kadi si yake: mpiga picha alimpiga mfua jezi wa timu akidhani ndiye yeye. Wajukuu hawaamini kama babu yao aliwahi kucheza. Ndiyo maana anazinunua, azichome.

Moyo uliniuma. Kidogo. Kisha nikawaza: akichoma zake, zangu zitakuwa adimu. Nikamkaribisha kesho achomee kwenye jiko langu la nyama. Mkaa juu yangu!

Jumapili, 12 Juni
Nimekwenda kununua mkaa. Kurudi, moshi umetanda uani. Mzee kamsimulia Darlene kisa chote. Darlene kalia, kamkatia pai ya cheri, kisha kamtolea masanduku yangu. Yote!

Nikapiga ukelele: "Darlene, umenimaliza!"

"Kaa ule pai, bwana wee. Mgeni anasimulia."

Mzee alikuwa akionyesha kidole kilichopindishwa na mpira, akicheka kama mtoto. Hakuna mfua nguo mwenye kidole kile. Nikakaa. Pai ilikuwa tamu, sisemi uongo.

Jumamosi, 18 Juni
Cherehani imerudi chumbani kwake. Nimekubali, yamekwisha. Nikapita sokoni kunyoosha miguu tu. Delbert ana kadi za Wendell Ott, mrushaji wa 1961. Eti hakuna anayezitaka. Hakuna hata mmoja! Nimezibeba zote kabla hajazinduka. Zitalala chini ya kitanda, upande wa Darlene. Nani hupekua upande wake mwenyewe?