Jogoo wa Uzamili

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Chuo kikuu kimenikubali nisome shahada ya uzamili! Nafasi wataishikilia hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Bila karo ya muhula wa kwanza, anapewa mwingine. Na bila uzamili, kiti cha mkuu wa idara ya uhasibu hapa chuoni kwetu Nyamasaria sitakikalia. Atakikalia Griffins. Griffins, ambaye tunatumia meza moja na kalamu moja, na ambaye tayari anasoma uzamili wake kwa mkopo wa sacco. Alinishauri nami nikope. Nikamjibu kwamba mkopo ni wa mtu asiye na watu. Mimi nina watu. Nitaita harambee.

Jumanne, 12 Agosti

Nilipanga Jumamosi. Jacinta, mke wangu, akauliza bila kuinua macho kwenye sufuria ya omena ni nani nimewahi kumwona ana nafasi Jumamosi, siku ambayo nusu ya Kisumu imekwenda mashambani kuzika. Tumehamia Jumapili, baada ya kanisa. Wazo lilikuwa langu. Yeye alitangulia tu kulisema.

Mgeni wa heshima ni Mzee Ondiek wa Milimani. Magari mawili, geti linalojifungua lenyewe. Amekubali! Nilirudi nyumbani nikiwasalimu hata watu nisiowapenda.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefikiri sana. Kwa matanga watu wetu hutoa. Kwa masomo hukohoa. Pesa zenyewe ziko kwenye mnada wa jogoo. Pale mtu hanunui kuku, ananunua macho ya watu. Nimechagua jogoo wa Jacinta, yule mwekundu mwenye kiburi. Jacinta alisema sawa, ila jogoo arudi. Nilicheka. Jogoo gani hurudi kutoka mnadani?

Sasa mpango. Binamu yangu Walter, fundi wa simu, atavaa koti langu la harusi na kujifanya mnunuzi. Mzee akitaja bei, Walter anaongeza elfu moja. Nikijipangusa uso kwa leso, Walter ananyamaza, na Mzee anabaki na jogoo na bei yake. Walter aliuliza itakuwaje Mzee akiacha kwanza. Nikamwambia matajiri hawaachi. Ana maswali mengi huyu kijana.

Jumapili, 17 Agosti

Watu walifika. Mzee Ondiek alikaa mbele, bahasha nene ikichungulia mfukoni mwa shati. Niliiona kabisa.

Mnada ukaanza kwa elfu mbili za Mzee. Walter, tatu. Mzee, nne. Makofi! Walipofika kumi jasho lilikuwa linanitiririka na leso ilikuwa mkononi. Sikujipangusa. Nikajiambia, moja tu zaidi. Mzee akasema kumi na nne. Moja tu zaidi. Walter akasema kumi na tano. Mzee akakunja mikono, akasema kijana amemshinda.

Hapo nikajipangusa. Walter akanyamaza mara moja, kwa utiifu mkubwa.

Mwenyekiti wa kamati akaomba pesa. Walter akapapasa mifuko yote ya koti langu, kisha akatangaza kwa sauti kwamba yeye ametumwa tu, pesa ziko kwa binamu yake Absalom, yaani mimi. Watu wote wakanigeukia. Mzee Ondiek alicheka mpaka machozi. Akasimama, akasema, "Mwalimu, mtu ananunua jogoo yake mwenyewe elfu kumi na tano, mimi nikimpa pesa si nitakuwa namtusi?"

Bahasha haikutoka. Gari lilitoka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Michango midogo imelipa hema, viti na soda. Jogoo amerudi nyumbani. Jacinta alimpa mahindi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nafasi ya uzamili imekwenda. Nilikaa chooni chuoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Griffins ameteuliwa mkuu wa idara na kuhamia ofisi yake. Ameniachia kalamu.

Jumatatu, 25 Agosti

Heri! Wazee wa kanisa moja la Sondu wamenitembelea. Habari zimewafikia kwamba kuna mwalimu Nyamasaria aliyemshinda Mzee Ondiek mnadani. Wana harambee ya paa la kanisa na wanataka niwe mgeni wa heshima. Mimi! Mzee Ondiek naye atakuwepo.

Nimeona njia yote mpaka mwisho. Jogoo wao akiletwa, nitapandisha bei. Mzee hatakubali kushindwa mara mbili, ataongeza, na mimi nitamwachia kwa heshima. Ataniona mtu wa kiwango chake. Na mtu wa kiwango chake hawezi kumwacha akose karo nafasi nyingine ikipatikana.

Ila mgeni wa heshima haendi mikono mitupu. Leo nimekopa sacco. Griffins amenidhamini, bwana mwema kumbe. Jacinta aliangalia kiasi nilichokopa, akauliza kama hiyo si karo ya muhula mzima. Nikamwambia aniachie mambo ya hesabu, mhasibu ni mimi. Akatoka kwenda kumfungia jogoo wake.

Kosa la mara ile nimeshaligundua: leso ilikuwa mkononi mwangu. Safari hii ataishika Walter, akijipangusa mimi naacha. Nimemnunulia mpya.